Samaki wa Deraya

Padri Anselmo kakataa kubariki bango
mpaka neno SHETANI lifutwe.
Basi Casimiro kapanda ngazi na kopo la rangi ya bluu,
kaandika juu yake SAMAKI WA DERAYA,
herufi za mwisho zimebanana, ubao umemwishia.

Jina lake tunalijua. Miaka kumi na minne
anatupasulia nyavu hapa Usumacinta,
mweusi, mkavu, mdomo chini kama anayebusu matope.
Wavu ukiwa mzito tulichekelea gizani,
kisha taa ikawashwa:
shetani, shetani, shetani, kambale mmoja.
Tuliwarusha ukingoni. Hawakufa upesi.
Mbwa walinusa, wakaenda zao.

Wanasema alianzia kwenye tangi la kioo,
sebuleni kwa mtu wa Villahermosa,
mdogo kama kidole, kazi yake kulamba ukoga.
Alipoizidi kazi yake akamwagwa pamoja na maji.
Sijui kama ni kweli. Najua
kinachotupwa mjini, huku chini ndiko kinakofika.

Leo mama yangu, Hermila, ameshika nyundo.
Ndiyo, nyundo. Kisu kilivunjika Jumanne.
Pigo la kwanza kisogoni, la pili ubavuni,
deraya inaachia kama kasha lililopotelewa na ufunguo,
na ndani, nani angedhani,
nyama nyeupe kuliko kanzu ya padri.
Anaiponda na pilipili, anaifumba katika unga wa mahindi,
mafuta yanapiga kelele.

Foleni hakuna. Watu wanazunguka meza
kama waliofika msibani kwa jirani waliyegombana naye.
Mjomba Nicanor, aliyepoteza nyavu tatu na ndoa moja,
anauma. Anatafuna. Anatukazia macho.
"Miaka yote hii," anasema, "kumbe mtamu."
Anaomba cha pili, kwa hasira.

Pembeni, Bi Tiburcia anachoma sato.
"Huyu ndiye wetu," mtoto anasema, "wa asili."
Bibi anacheka mpaka anaweka koleo chini.
"Wa asili! Nilimwona akishushwa kwenye lori la serikali,
ndani ya mapipa, mimi nikiwa na meno yote.
Katoka Afrika huyu. Baba alimtemea mate.
Aliwala watoto wa samaki tuliowajua mmoja mmoja."
Anamgeuza, ngozi inalia motoni.
"Mdomo husahau mapema kuliko mto."

Jioni inapita mvua ndogo.
Bluu ya Casimiro haikuwa imekauka;
chini ya DERAYA jina la kwanza linachungulia.
Sahani zimekwisha, hata makombo.
Nicanor anatia mafuta kwenye injini ya mtumbwi,
anapiga mluzi. Kesho, kwa mara ya kwanza,
atautamani ule uzito.

Mama anahesabu sarafu mara mbili:
wavu mmoja na nusu.
Anazifunga kwenye kitambaa, anautazama mto,
halafu ananiuliza kwa sauti ya chini,
kama mtu anayeiba,
"Na wakiisha?"