Gurudumu Husema

Miaka thelathini na mmoja, stesheni ya Tabora,
kazi yangu ilikuwa kugonga.
Treni ikiingia usiku, abiria wakishuka kununua asali
na karanga za kukaanga,
mimi nilipita chini kwa chini, taa mkono huu, nyundo mkono huu,
gurudumu kwa gurudumu.
Ngii: zima, pita.
Ngii: zima, pita.
Chuma kizima huimba. Chuma chenye ufa wa ndani
husema ndu,
kama mtu aliyeitwa akakataa kuitika.

Leo nimelazwa mimi juu ya kitanda cha magurudumu,
nyonga imelika, fupa linasaga fupa,
na wao ndio wanaopita na nyundo zao.
Nyundo zenyewe vijiti vya pamba.
Nyamizi wa maabara, mjukuu wa fundi saa wa Ng'ambo,
akanichokonoa tundu la kulia, tundu la kushoto,
akazungusha mara tano huku akihesabu
hadi machozi yakanitoka bila msiba.
Kisha damu. Kisha kikopo:
"Babu, ya katikati, usinipe ile ya kwanza."
Kisha kijana wa meno: fungua, fungua zaidi,
akanigonga gego kwa kijichuma chake.
Nilisikia mwenyewe kabla hajasema.
Ndu.

Dokta Nkwabi akaja na karatasi.
Puani, akasema, kuna kijidudu kimejenga,
hakikuumi, hakikusumbui, mpangaji mpole,
ila tukikufungua paja kitahamia kwenye chuma kipya
na huko hakitoki kwa dawa wala kwa dua.
Na chini ya gego kuna usaha.
Kwa hiyo Jumatano hakuna kisu. Tupe wiki tatu:
dawa ya kupaka puani asubuhi na jioni, sabuni maalumu
hadi kwapani, hadi kusikosemwa,
na gego ling'oke.

Nikawaka.
Nimeshaaga! Nimeshaandika deni la Kasubi na deni la duka!
Dada yangu Kalunde kapanda basi toka Urambo
na mtetea aliyefungwa miguu,
mchuzi wa baada ya kisu.
Msikitini wameshaniombea, dua ile nairudishaje?
Tena pua! Nimewaletea nyonga, mnanitibu pua!
Dokta akasikiliza hadi mwisho,
akachomeka kalamu mfukoni, akaenda kitanda cha pili.

Usiku, mguu ukininyima kugeuka,
honi ya treni ya Kigoma ilipita juu ya mabati.
Nikaukumbuka mwezi ule wa mvua. Behewa la nne, daraja la tatu,
gurudumu la nyuma, upande wa Cheyo.
Ndu. Nikarudia. Ndu.
Nikainua taa nyekundu.
Behewa likakatwa, saa sita zikapotea,
watu wakalala sakafuni juu ya magunia yao,
na bwana mmoja aliyesafiri na jeneza la mama yake
akaniita mchawi mbele ya wanawe.
Stesheni masta alinitazama kana kwamba ufa ule nimeuchora mimi.
Ulikuwa mwembamba kama unywele.
Hakuna aliyenishukuru, na sikumlaumu mtu.
Utashukuruje kwa ajali ambayo haikutokea?
Haina jina, haina kaburi,
haina hata tarehe ya kuikumbuka.

Gego limeng'oka. Ulimi unakwenda pale pengoni kila saa
kama mwenye nyumba anayekagua chumba kilichohamwa.
Nanuka sabuni hadi paka wa jirani ananikwepa.
Mtetea alifunguliwa kamba, na siku ya tisa
akataga ndani ya buti langu la kazi.
Kalunde anasema huyu sasa hachinjwi,
nyonga yangu itatafutiwa mchuzi mwingine.

Kesho kutwa wanarudia pamba.
Nyamizi akiingia, sitamngoja aniambie inua.
Nitainua pua mwenyewe,
ninyamaze kimya,
nisikilize.