Hatua Mia Tatu

Karatasi ilibandikwa ukutani kwa sheha Jumatatu,
muhuri wa buluu bado mbichi:
tangu Alhamisi mpaka Jumamosi,
usiku wa Maulidi ukiwa katikati,
ndani ya hatua mia tatu kutoka mkeka wa wasomaji
marufuku bango, marufuku hotuba isiyo na kibali,
marufuku neno lolote "linaloweza kuudhi mjumuiko".
Nami, fundi wa spika hapa Wete, nikatia saini chini
palipoandikwa: Mwenye Dhamana ya Sauti.
Sijapata kuitwa jina kubwa kama hilo.

Sisemi sheria hii haina mama.
Mwaka uliotangulia walikuja vijana na yao,
maneno yakawa mawe,
na mtoto wa Asaa Shehe ana kovu juu ya jicho hadi leo.
Nilimbeba mie. Damu ililowesha waya zangu.
Kwa hiyo nilipotia saini mkono haukutetemeka.

Ila hatua, za nani?
Koplo Mshindo ana miguu ya korongo.
Alianzia penye mkeka, akapita chuoni,
akapita kwa muuza mkaa,
mia mbili tisini na nane, tisini na tisa,
ya mia tatu akaitua barazani kwa Bi Mize Faki.
Chokaa ikapigwa mstari: chumba nje, baraza ndani.
"Yaani chumbani nseme,
nikitoka kupunga upepo ninyamaze?"
Koplo akaitazama karatasi.
Karatasi haikumtazama.

Bi Mize alikuwa na lake, na mtaa unalijua.
Bomba limekauka tangu Mfunguo Tatu.
Alikata boksi la sabuni, mjukuu akaandika kwa wino mnene:
TUTAWADHIE NINI?
Koplo alilichukua, akalikunja kwa adabu,
akalitia kwapani kama msala.

Usiku ukafika. Udi, halua,
kanzu zenye harufu ya pasi ya mkaa.
Wageni wakubwa walitawadha kwa maji ya chupa;
vizibo vilizagaa langoni, vinalia chini ya viatu.
Akaja Bi Mize, buibui lake la zamani,
kichwani ndoo. Tupu.
Haikuandikwa kitu.
Koplo akatoa karatasi, akasoma kwa tochi ya simu,
bango, hotuba, neno,
akageuza nyuma kutafuta ndoo.
Nyuma palikuwa peupe.
Mama akapita.

Tulisimama wote kwa kiyamu,
sauti zikapanda hata nikapunguza mwenyewe,
nachelea spika ya msikitini kupasuka.
Kisha watu wakakaa,
na katika ule upenyo mdogo,
msomaji anavuta pumzi, vikuku vinatulia,
Bi Mize aliitua ndoo kwenye saruji,
kando ya kipaza cha upande wa wanawake.

Ko.

Spika zangu nane zikasema: ko.
Ukuta wa skuli ukajibu.
Wanasema hata bandarini kulisikika.
Msomaji alipoteza mstari, akaurudia.
Mgeni wa mbele kabisa aliinama
akaisukuma chupa yake chini ya kiti.

Jumapili niliitwa.
Kwa nini kipaza kile kilikuwa wazi?
Nikasema nilisahau.
Wakauliza tena. Nikasema tena.
Miaka ishirini na mbili nafunga na kufungua sauti za watu,
na sijui kusahau kunaanzia wapi.

Bomba? Lilitema siku mbili, maji ya kutu,
likarudi kwenye kimya chake.

Fomu ya mwaka huu imeletwa jana.
Nimeisoma polepole, kwa miwani ya mke wangu.
Kuna mstari mpya, baada ya mabango, kabla ya filimbi:
vyombo vitupu vya aina yoyote.
Kalamu iko mezani,
karibu na kikombe
ambacho chai yake nimeimaliza.