Gari la Mkate

Nililinunua Kibos, kwa dalali aliyeapa kwa jina la mamake
kwamba injini ni nzima. Injini haikuwa nzima.
Ila bodi ilikuwa ya bati nene, ndefu kunizidi kwa futi mbili,
na ndani, jua lilipopanda, palinukia mkate,
miaka sita baada ya mkate wa mwisho kushushwa.

Nimelitandika mbao, nimelipiga rangi ya kijani mara tatu,
bado maandishi yanachungulia ubavuni: LAINI KILA ASUBUHI.
Watoto wa Manyatta hunigongea alfajiri
na shilingi zao zimelowa jasho kiganjani.
Nawajibu, mkate umeisha.
Sijui kwa nini siwaambii kwamba haukuwepo.

Kitanda hukunjwa kikawa meza. Meza hukunjwa ikawa ukuta.
Sufuria mbili, sahani moja, kijiko cha mgeni.
Jerikeni ya lita ishirini ndiyo kisima changu;
naoga kwa vikombe vinne, cha tano ni anasa.
Mvua ya Kisumu huja saa kumi na haibembelezi,
hulipiga paa kama mtu anayedai deni,
nami hulala chali chini yake,
shibiri moja kutoka kwenye radi.

Usiku nina wageni wa zamu.
Polisi wa doria hugonga kwa rungu: Wewe, unafanya nini humo?
Nalala, afande.
Kwani huna kwenu?
Otiato, mlinzi wa kituo cha petroli, hugonga kwa teke, apate chai.
Askari wa kaunti hugonga kwa kitabu cha risiti.

Kwenu. Neno hilo lina uzito kuliko gari.
Kwetu ni ng'ambo ya Chavakali, ambako shamba la babu
lilikatwa kwa wana watano, la baba kwa wanne,
hadi fungu langu likawa na upana wa migomba mitatu,
na mmoja una kesi.
Nikamwambia kaka yangu Kevogo, chukua. Nitakaa kwingine.
Akauliza wapi.
Nikasema, popote penye kivuli.

Baba mdogo Lung'aho ndiye aliyelitamka hadharani,
kwenye matanga ya shangazi, mdomo umejaa kuku:
Mwanamume asiye na nyumba, akifa, tutamtoa mlango upi?
Watu wakacheka. Nikacheka nao.
Nikamjibu ninayo mitatu: wa dereva, wa utingo, na wa nyuma.
Lakini usiku ule, nimeegesha kando ya mto Yala,
niliihesabu ile milango na usingizi haukuja.
Wa nyuma hufunguka kwa nje tu.

Desemba nikapanda nalo hadi nyumbani,
gia ya pili tangu mlima wa Nyahera, moshi nyuma kama msafara.
Nikaliingiza kati ya jiko la mama na zizi tupu,
tairi moja, naapa, ikiwa upande wa Kevogo.
Kevogo akaitazama ile tairi, akanyamaza.
Akaenda akaleta jiwe, akaikingia isiteremke.

Mama hakusema kitu mchana kutwa.
Alilizunguka gari kama mtu anayenunua ng'ombe,
akabonyeza bati, akanusa.
Jioni nilikuwa natokosa mnavu, redio iko chini,
nikasikia vidole. Si rungu, si teke,
vidole viwili vyenye baridi yabisi juu ya bati.

Hodi, alisema.

Huu mwaka wa tatu naishi humu,
na hakuna aliyewahi kupiga hodi.
Karibu ilinikwama mahali fulani kooni.
Nikasema, angalia ngazi, mama,
imelegea upande wa kushoto.