Nani Amemtuma Dereva

Mvua ya Julai hapa Valdivia haibishi hodi.
Tangu Jumatatu inapiga bati,
na jiko linakohoa kwa sababu Nibaldo
ameniuzia tena kuni mbichi.
Nyuma ya risiti ya kuni hizo hizo
kaniandikia amri saba kwa kalamu nyekundu,
herufi ndogondogo za fundi redio:
Eduvina, usiruke hata nukta.

Nikaruka nukta.

Skrini ikazima. Si giza la umeme kukatika,
hilo nalijua, lina mishumaa yake.
Hili lina kistari kimoja, juu kushoto,
kinachopepesa, kinachopepesa,
kama shahidi aliyeitwa mbele akasahau jina lake.

Mfumo wenyewe nimepewa bure, nao ni huria:
ukitaka, upasue tumbo uhesabu matumbo.
Ila kadi ya michoro ni ya kampuni,
na kampuni imemfungia dereva wake
ndani ya kopo lisilo na kifungulio.
Wanamwita dereva; hana leseni, hana gari.
Kazi yake ni kusimama kati ya kadi na mfumo
amwambie huyu alichosema yule,
kama yule mkalimani wa mahakama ya ardhi
aliyemtafsiria bibi yangu kwa Kihispania
akipunguza maneno kila alipochoka.

Basi nikabana vitufe vitatu
kwa vidole vyangu vya baridi yabisi,
nikaingilia mlango wa uani:
kidirisha cheusi, maandishi meupe, kipanya hakina kazi.
Nikafuta. Nikaandika upya. Nukta mahali pake.
Mistari ikaporomoka, macho yakaachwa nyuma.

Mashine ikakataa tena, safari hii kwa adabu:
dereva huyu hana saini. Nani amemtuma?

Nilicheka peke yangu. Miaka thelathini na mmoja
nilikuwa karani wa kiwanda cha mbao;
malori mangapi nimeyarudisha getini
kwa neno hilo hilo!
Nikachonga ufunguo wangu, nikatia saini yangu,
nikazima, nikawasha. Skrini ya buluu
ikataka nenosiri.
Nikaandika jina la ng'ombe.

Nyie hamkumjua Rosilla. Alikuwa wa baba,
kabla ardhi haijatetemeka mwaka wa sitini
na shamba lote kushuka, kama mtu anayeketi,
mto ukaingia, ukakaa.
Mpaka leo ni mabata na matete
pale nilipojifunza kutembea.

Mpwa wangu Lisandro, mpima ardhi, amelijenga upya
kwa namba za ramani kuukuu,
picha unayoweza kuizungusha.
Wiki nzima ilinijia vipandevipande:
kilima cha mraba, uzio uliokatikakatika,
hatua moja, sekunde kumi.

Leo feni ilinguruma, kilima kikageuka
bila kukwama. Nikateremka na kipanya
njia ya ng'ombe, nikapita kisima,
nikafika langoni.
Lisandro hakuweka nyumba.
Hakujua ilikaa wapi.

Mimi najua.

Pembeni kikachomoza kijikaratasi:
masasisho mia mbili na kumi na nne yako tayari,
tuanze sasa?
Kuni mbichi zinalia jikoni.
Nimebonyeza Baadaye.