Mstari wa Arobaini

Tartu, saa nne usiku. Mto Emajõgi umeganda,
na mashine yangu inapanga kazi za wanafunzi mbilimbili
kama mpelelezi anayelinganisha nyayo.

Kaur na Hedi: asilimia tisini na tatu.

Majina wamebadili. Kilichoitwa jumla sasa ni kapu,
kitanzi kimepinduliwa kama soksi,
maelezo yamefutwa, nafasi zimetanuliwa.
Mashine haijali mavazi.
Inaivua programu nguo zote, inahesabu mifupa,
na kwenye mstari wa arobaini mfupa umevunjika
palepale, kwa wote wawili:
wanahesabu kuanzia moja, orodha huanzia sifuri,
basi mfanyakazi wa kwanza hapati mshahara kamwe.

Watu wawili waweza kupatia sawa.
Kukosea sawa, hadi nukta isiyo na kazi?
Nani kamfundisha nani?

Nikaiamuru ipekue na ghala la miaka ya nyuma.
Ikarudi na jina la tatu, la miaka tisa iliyopita:
Maarika Ilves.

Mimi.

Jikoni bwenini, supu ya njegere ikiungua,
Tauri analia kwamba atafukuzwa,
nami namkabidhi flashi.
"Badilisha-badilisha kidogo," nilimwambia.

Wamebadilisha kidogo miaka tisa, mkono kwa mkono,
na hakuna hata mmoja
aliyemlipa yule mfanyakazi wa kwanza.

Fomu ya kamati ina mistari miwili ya majina.
Natafuta rula.
Nachora wa tatu.