Ukurasa wa Serikali

Redio ilisoma majina ya mawaziri saa mbili usiku,
umeme ukakatika kwenye jina la kumi na saba.
Nsimire akatoa betri za tochi, akaziuma kwa meno,
akazitia redioni,
nasi tukahesabu kwa vidole: wanawake wangapi?
Vidole vilibaki vingi.

Mimi ndimi mwandishi wa chama. Nina hati nzuri,
ndiyo sababu pekee.
Nimewaandikia mawaziri watatu kabla ya huyu.
Nakala zimo katika kopo la maziwa ya unga
juu ya kabati, panya wasifike.
*Kwa heshima na taadhima,
sisi wanawake wa Kadutu tunaomba...*
Kila serikali ikija nabadilisha jina tu,
kama fundi anayeshona jina jipya kwenye sare kuukuu.

Jumapili, baada ya misa, tukakutana kwa Nabintu,
nyuma ya duka lake la chumvi,
mvua ikiteremsha udongo mwekundu kuelekea ziwani.
Nikatoa kalamu. Nikaandika: Tunaomba.

M'Cibalonza alikuwa amekaa juu ya gunia.
Yeye ni mbebaji. Kilo themanini za mihogo
kutoka bandarini hadi sokoni, mlima mtupu.
Kamba imemchimbia mfereji kwenye paji la uso;
hata akivaa kitambaa cha harusi, unauona.
Hakusoma. Akauliza:
"Hilo neno refu hapo linasemaje?"
Nikamwambia.
"Mimi nikimbebea mtu mzigo wake mpaka mlangoni,
namwomba ujira, au namdai?"

Mvua ikajibu peke yake kwa muda.
Kisha Nabintu akacheka kwa pua,
akafungua daftari lake la madeni,
lile la jalada la plastiki, linaloogopwa na mtaa mzima,
hata na pasta.
Akalamba kidole, akatafuta ukurasa mtupu.
Juu akaandika: SERIKALI.
"Haya, tajeni. Na tarehe."

Tukataja.
Shamba la Esperansi, walilolichukua shemeji zake
matanga hayajaanuliwa. Sheria iko upande wake,
ila sheria imelala Kinshasa, haijui njia ya Bagira.
Mishahara ya mkunga wa Cimpunda, miezi saba.
Kodi ya soko mara tatu kwa siku, risiti moja.
Binti wa Nsimire. Hapo Nsimire aliinuka,
akasimama mlangoni, akatupa mgongo.
"Andika: kesi. Andika: hakimu hakuja, mara ya sita.
Jina la mtoto usiandike."
Nabintu hakuliandika. Aliacha nafasi
pana kama kidole gumba, akapiga mstari chini yake.

Kuna aliyeuliza, nadhani ni mimi,
kama hawatakasirika huko, kudaiwa kama walevi.
Na huyu mpya huenda ni mtu mwema;
kwenye picha ana uso mwema.
"Wema wake ni wake," akasema M'Cibalonza.
"Deni amelirithi.
Si wao wanaopenda kurithi?"
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimenakili kwa hati yangu nzuri.
Taadhima nimeiacha. Salamu nimeweka,
maana hata mdaiwa husalimiwa.
Chini, sahihi ishirini na mbili na dole gumba moja la wino:
M'Cibalonza alilikandamiza kwa nguvu mno,
likatokea nyuma ya karatasi.

Barua iliondoka Jumanne. Jibu hakuna.
Nakala safari hii haikuingia koponi.
Imebandikwa dukani, juu ya mizani,
kati ya pasta na fundi viatu.
Kila asubuhi M'Cibalonza hupita na mzigo,
hainui kichwa, kamba haimruhusu;
huuliza tu, akiwa barabarani:
"Amelipa?"
Na Nabintu, akipima chumvi, bila kugeuka:
"Bado. Fundi viatu ameleta nusu."