Mwisho wa Reli

Wifi yangu Halszka, kitabu chako Ijumaa sirudishi.
Nidai. Njoo na shoka. Njoo hata na mumeo,
kaka yangu Przemek anayesema hadithi za mizimu ya mjini ni pipi za watoto.
Niko ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili
na mtoza kodi ya vivuli ndiyo kwanza anabisha hodi
kwa yule mwanamke mwenye nondo mapafuni.

Nilikifungua Jumanne, tramu ya saa kumi na moja alfajiri,
nichungulie tu, kama mtu anayeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko.
Nikainua kichwa: mwisho wa reli.
Dereva ameshazima injini, ananitazama.
"Bibie, mbele hakuna kwenda."
Nami, sijatoka bado kule nilikokuwa, nikamuuliza:
"Na taa zenu za huku, zinakula nini?"

Maana humo taa za barabarani haziwaki kwa umeme,
zinawaka kwa majina.
Giza likiingia mwasha taa anapanda ngazi,
ananong'ona jina la mtu ndani ya chimni,
mwanga unatoka wa manjano, laini kama siagi,
na kesho yake mama wa mtu huyo anapakua supu,
anafungua kinywa amwite mwanawe mezani,
anabaki: "We... we..."

Hapo nilikilaza kitabu kifudifudi kando ya jiko,
nikaenda bafuni kuhesabu watu wangu mbele ya kioo:
Przemek. Halszka. Jagna wa mashine ya tatu.
Leokadia wa ghorofa ya nne, na mbwa wake Kapusta.
Wote wapo.
Nikarudi mbio. Chai ilikuwa imeota ngozi.

Kazini nimeshona mapazia sita, ndani nje.
Msimamizi kauliza kama ni mapenzi. Nikasema ndiyo.

Halafu kuna ule mto.
Mwandishi mji wake hakuupa jina, lakini, wifi,
bomba za moshi za matofali mekundu, nyua zenye malango marefu,
na chini ya yote mto uliozikwa hai, unaogonga usiku —
ni wapi pengine?
Łódź maana yake mashua, tuliambiwa tangu shule,
na maji yenyewe babu zetu waliyatia bombani
viwanda vipate pa kusimama.
Jana, mtaa wa Wschodnia, nilipiga magoti kwenye kifuniko cha mtaro,
nikaweka sikio juu ya chuma. Baridi yake iliniingia hadi menoni.

Mzee mmoja mwenye mkate kwapani akasimama.
"Umeangusha hereni?"
"Ndiyo," nikasema, kwa aibu.
Akaweka mkate chini, akainama nami, akapapasa theluji,
akapapasa, kisha akatulia. Naye akatega sikio.
Tulikaa hivyo kitambo.
"Machi," akasema, "theluji ikiyeyuka, ndipo unausikia vizuri."
Akachukua mkate wake, akaenda zake.

Sasa hili, sikutaka kuligusa.
Ukurasa wa mia mbili na themanini na saba, pembeni, kwa penseli:
*Mama.* Mwandiko wako.
Ni pale mwanamke anaposimama chini ya taa yenye jina lake,
anaota moto, na halijui.
Nikakumbuka majira yale ya baridi,
jinsi mama yako alivyokuita "sista", akikudhani muuguzi,
nawe ukamjibu kisista, ukamkunjia shuka.
Sikuwahi kukuuliza. Hata sasa siulizi.
Nimepitisha kidole tu juu ya penseli hiyo, taratibu, isifutike.

Usiniambie kama jina linarudi!
Usiniambie nondo wanatoka wapi, wala nani kamuuza mwasha taa.
Przemek akisema neno mezani nitamchoma uma.
Nimebakiza kurasa tisini na moja, nazila kwa ubahili,
nikifika mwisho wa sura narudi nyuma mistari kumi
kama mtoto anayelamba sahani.

Jumapili, basi. Leta keki ya mbegu za mpopi,
tukisome pamoja pale penye penseli, kwa sauti, ukitaka.
Ila usije kabla ya saa kumi jioni.
Ukigonga, sitasikia. Nitakuwa chini huko, mtoni.